Finjani Zisizohesabiwa

Nilipokuwa mtoto sikuwa na haja ya kumuuliza mama baba yuko wapi. Nilitega sikio tu. Vikombe vikilia upande wa sokoni, baba yuko sokoni. Vikilia upande wa stendi, basi mzunguko wake bado mrefu na chakula cha mchana tutakula bila yeye. Baba yangu, Hamoudi bin Saleh, aliuza kahawa ya kutembeza hapa Dunda, mjini Bagamoyo, kwa miaka thelathini na minane. Mkono wa kulia alishika dele la shaba, lile birika refu la kahawa, na jiko dogo la mkaa limefungwa chini yake. Mkono wa kushoto alishika finjani mbili, akizigonganisha kwa vidole bila kuziangalia, na mlio wake haukufanana na wa muuza kahawa mwingine yeyote. Wengine waligonga tu. Baba aligonga mara tatu haraka, akanyamaza kidogo, kisha mara moja, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Mwaka huu sauti ya kuniambia baba yuko wapi imekuwa nyingine. Ni mlango wa choo. Choo chetu kiko uani, mlango wake wa bati, ukifunguliwa unalia na ukifungwa unagonga. Nikiwa jikoni na mwiko mkononi nilikuwa nasikia: unalia, unagonga. Sijakoroga mchuzi vizuri, unalia tena.

Siku moja nikahesabu. Tangu chai ya asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, mara kumi na moja.

Baba ana miaka sabini na minne, na miaka miwili iliyopita alitibiwa saratani ya kibofu cha mkojo. Kwa hiyo mtu asinicheke kwa kuhesabu milango.

"Baba, uko salama?" nilimuuliza alipotoka, akijipangusa mikono kwa shuka lake.

"Salama. Kwani umesikia nini?"

"Naona unakwenda sana."

"Ghalia, umeajiriwa ulinzi wa choo?"

"Nauliza tu, baba."

"Mlinzi hupewa rungu na tochi. Wewe hata kofia huna." Akapita zake kwenda barazani, akicheka. Lakini mimi namjua baba anapocheka kwa mdomo na anapocheka kwa tumbo. Siku ile tumbo halikutikisika.

Niseme kwanza baba alikuwa mtu wa namna gani, maana anayemwona leo na mkongojo wake hawezi kujua. Alizaliwa Kaole. Babu yake alikuja kutoka Oman akafungua duka la vitambaa, duka likamfia baba yake mikononi, na baba hakurithi ila fimbo ya kupimia vitambaa na jina. Hakulilia duka. Alinunua dele, akajifunza kukaanga buni kwa mwanamke mmoja mzee wa pale Kaole, akahamia mjini. Mama yangu, Biubwa, Mungu amrehemu, alikuwa akipika kashata za karanga za kuuzia pamoja na kahawa. Alfajiri nyumba yetu ilinuka buni zinazokaangwa na sukari inayoyeyuka, na mpaka leo nikipita mahali pakanukia hivyo nasimama, hata kama nimebeba ndoo kichwani.

Nilisoma mpaka darasa la saba tu, lakini hesabu nilijifunzia kwenye kashata za mama. Na kwa baba nilijifunza kutazama watu. Alikuwa akifika mahali, kabla hajamimina, anakwisha kujua nani kafiwa, nani kagombana na mkewe, nani hana raha. Asiye na raha alimjazia finjani ya pili bila kuulizwa.

Jambo moja tu hakulitazama: mwili wake.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa damu kwenye mkojo. Alikaa nayo miezi minne hakumwambia mtu. Nilipogundua, kwa sababu mimi ndiye nafua nguo za nyumba hii, nilimlilia.

"Baba, damu! Miezi minne!"

Akanijibu kwa upole kabisa, "Sisi utotoni sote tulikojoa damu, mwanangu."

Na ni kweli. Kila msimu wa mpunga yeye na wenzake walipelekwa bonde la Ruvu kwa mjomba wake kufukuza ndege mashambani. Kutwa wamo kwenye mifereji, wanaoga, wanazamiana, wanashika kambare. Baadaye mkojo ukageuka mwekundu. Wakubwa hawakushtuka. Walicheka wakasema vijana sasa wanakuwa wanaume, na vijana wenyewe wakashindana nani wake mwekundu zaidi. Baba hunisimulia mpaka leo macho yakimng'aa, jinsi walivyojipanga kwenye tuta la mpunga. Daktari wa Dar es Salaam alipomsikia akaacha kuandika. Akasema kile kilikuwa kichocho, na kichocho cha utotoni kinaweza kuacha kibofu na jeraha linalokuja kuharibika uzeeni, ingawa hakuna awezaye kuapa kuwa ndicho kilichosababisha. Baba aliinamisha kichwa. Nadhani kilichomuuma si ugonjwa. Ni kwamba siku zake tamu kuliko zote zilikuwa na kitu ndani yake.

Walimkwangua kwa chombo kilichopitishwa njia ya mkojo, bila kumpasua tumbo. Kisha kila wiki, kwa wiki sita, wakawa wanamtia dawa humohumo kibofuni. Kila tukirudi alikuwa akisema, "Wamenisugua kama dele, Ghalia. Kahawa ya kesho itakuwa safi." Baada ya hapo alitakiwa kurudi kila miezi mitatu kuchunguzwa kwa kamera. Alikwenda mara tano, na mara zote tano aliambiwa pasafi.

Ya sita ilikuwa mwezi wa Rajabu. Akasema ana mafua. Shaabani akasema tungoje Ramadhani ipite. Ramadhani ikapita. Mfunguo mosi akasema nyumba ina wageni. Na mlango wa choo ukaanza kulia.

Nikazidi kutazama. Nikaona kwamba jagi la maji ninalomwekea kando ya kitanda, nimelifunika kwa kitambaa alichofuma mama, jioni nalikuta limejaa vilevile. Nikaona hatoki tena kwenda msikitini. Mtu ambaye tangu niko tumboni kwa mama alikuwa akikaa msikitini baina ya magharibi na isha bila kuinuka, sasa anaswalia chumbani.

Sikuwa peke yangu kuona. Rafiki yake Mikdad, fundi cherehani aliyestaafu, huja barazani kwetu kila siku baada ya alasiri. Baba aliacha kutembeza kahawa miaka sita iliyopita, lakini dele halikuacha kazi: asubuhi anapika la wapita njia wanaomjua, jioni anapika la Mikdad na wazee wawili watatu. Siku hiyo Mikdad alikuja peke yake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlangoni nachambua mchele.

"Hamoudi," nilimsikia, "siku hizi unaswali ndani kama mwari anayengoja kutolewa. Tukuletee kungwi?"

"Magoti," baba alisema.

"Magoti hayo hayo uliyopandia ngazi juzi kuziba bati?"

"Yalikuwa mazima juzi."

Sijui nini kilinishika. Mimi si mwanamke wa kumkatiza baba mbele ya watu. Lakini nilitoka na ungo wangu mkononi nikasema, "Si magoti, mzee Mikdad."

"Ghalia!" Baba hajawahi kuniita vile tangu nilipovunja finjani zake sita nikiwa na miaka tisa.

Nikasimama palepale. Mikdad alinitazama, akamtazama baba, akaiweka finjani yake chini taratibu.

"Ni mkojo?" aliuliza.

Baba aliinamia jiko, akaanza kupuliza mkaa.

"Mimi mwaka wa nne huu," Mikdad akasema. "Unadhani kwa nini naswalia mwisho wa safu, karibu na mlango? Unadhani napenda harufu ya viatu vya watu?"

Baba aligeuka. "Wewe? Mbona hujaniambia?"

"Wewe umeniambia? Nilikwenda, nikapimwa, nikaambiwa tezi dume imekuwa kubwa. Napewa vidonge. Nenda na wewe."

"Wewe una tezi, Mikdad. Mimi nina ile."

"Umejuaje kuwa ni ile? Umejipima kwa finjani?"

Baba aliifuta finjani yake kwa pembe ya shuka. Kisha akasema, na sauti yake sikuizoea, "Wodini nililazwa na mtu wa Kilwa. Yake ilirudi. Wakamtoa kibofu chote, wakamwekea mfuko tumboni. Mkojo unatoka muda wote, hana analozuia. Nikienda wakaniambia imerudi, nitaingiaje msikitini na mfuko?"

Kumbe ndicho alichokuwa amekikalia. Si kwamba hakujali. Alikuwa akiogopa kama ninavyoogopa mimi, ila yeye alikuwa peke yake.

Mikdad aliinua finjani, akainywa yote, akamnyooshea baba. "Utaingia na mfuko wako," alisema, "utakuja kukaa na mimi pale kwenye viatu. Sasa nimiminie."

Kesho yake asubuhi nilipiga simu kliniki. Nesi aliyepokea akanipa tarehe, akanipa na kazi: kwa siku tatu kabla ya kuja, niandike kila anachokunywa baba, kila anapokwenda haja ndogo, na kiasi gani. Nilikata chupa ya maji ya nusu lita, nikaitia alama kwa kalamu ya mafuta, nikamkabidhi baba. Alinitazama mimi, akaitazama chupa.

"Nimeuza kahawa kwa kipimo miaka yote. Leo napimiwa na binti yangu."

Lakini alipima. Niliandika kwenye daftari la shule la mwanangu Miza, kurasa za nyuma. Asubuhi chai kikombe kimoja. Saa nne, mkojo haukufika hata alama ya kwanza. Saa nne na nusu, hivyo hivyo. Mchana maji nusu glasi. Siku ya kwanza mara ishirini na mbili, ya pili ishirini na moja, ya tatu ishirini na nne, usiku ukiwamo. Niliandika kwa mwandiko mzuri kadiri nilivyoweza, nikajua hakuna kilichonipita.

Tulikodi teksi ya jirani kwenda Dar es Salaam, maana basi halisimami mtu anapotaka. Tulipofika Kerege tulikwisha kusimama mara moja, na hapo tukasimama tena, baba akaomba choo nyuma ya mgahawa. Alirudi akijipapasa shuka.

"Zamani barabara hii ni vumbi tupu," alisema akiingia garini. "Nikitoka kununua buni Kariakoo, lori lilikuwa likipumzika hapahapa. Nilishuka kununua machungwa, nikamletea mama yako. Yeye alikuwa anapenda yale yenye ganda la kijani." Alitazama nje. "Leo nashuka Kerege kununua choo."

Dereva alicheka. Mimi nilitazama dirisha la upande wa pili ili asinione.

Kliniki, nesi alikuwa mama wa makamo kama mimi. Alimwamkia baba kwa adabu, "Shikamoo babu," baba akaitikia marahaba, kisha nesi akalichukua daftari langu na kulisoma mstari kwa mstari. Nilikaa wima kama siku ya mtihani.

"Umeandika vizuri sana, mama. Lakini mbona babu anakunywa kidogo hivi? Chai kikombe, maji nusu glasi. Basi?"

"Basi," nilisema.

"Babu, maji huyapendi?"

"Maji hujaza," baba alijibu. "Nikinywa mchana, magharibi udhu haukai. Kwa hiyo nayapunguza."

Nesi alitikisa kichwa, akainama karibu yake kumfunga mkanda wa kupima presha. Akasita. Akanusa.

"Babu, mbona unanukia kahawa?"

Nilimwangalia baba. Baba aliniangalia. Nawaambia ukweli, kwa siku tatu zile nilikaa na kalamu mkononi, nikaandika mpaka maji aliyosukutulia, na kahawa haikunijia akilini hata mara moja. Nyumbani kwetu kahawa haikuwahi kuwa kinywaji. Ilikuwa kazi, ilikuwa salamu. Nani anahesabu salamu?

"Ya kuonja tu," baba alisema. "Kahawa haijazi. Inakausha. Na finjani yenyewe mafunda mawili."

"Ngapi kwa siku?"

"Mbili tatu."

"Baba," nilisema.

Akahesabu kwa vidole, polepole, kama anayepita mitaa yake ya zamani. Ya kuonja dele la asubuhi. Ya kila mgeni, maana huwezi kumnywesha mtu ukamtazama. Ya baada ya adhuhuri. Ya Mikdad, ambaye hanywi moja. Vidole vikaisha, akaanza upya. Alipofika kumi na sita nesi alimzuia mkono, akacheka mpaka akashika meza, na baba naye akacheka, kwa tumbo.

Mimi sikucheka. Kamera ilikuwa bado.

Waliingia naye ndani. Walichukua mkojo kupima vijidudu na damu ya kidoleni kupima sukari. Nilikaa kwenye benchi na viatu vyake mapajani, sijui kwa nini nilivibeba. Nilikumbuka jioni zile alizokuwa akirudi, anakaa kizingitini, mimi ndiye namvua makubazi, na miguu yake ilikuwa na joto la barabara nzima ya Bagamoyo. Nikasema ya Rabi, mfuko wakimpa tutaubeba, nitaufua mimi mwenyewe, ila asije akaaibika mbele ya watu.

Daktari alituita sote wawili. Alianza na neno lenyewe, Mungu amlipe. "Hakuna kilichoota. Pasafi."

Nilisikia maneno mengine kama mtu aliye chini ya maji, lakini nikamwomba arudie, nikayaandika. Alisema mzee aliyepata ugonjwa huu akianza kukojoa mara kwa mara, wote hufikiria jambo moja, na ni sawa kuja haraka kulichunguza. Lakini yako mengine. Kibofu cha baba, kwa kukwanguliwa na zile dawa, kina makovu. Kimekuwa kigumu kidogo, hakitanuki kama zamani, kwa hiyo hujaa mapema. Tezi dume nayo imeongezeka, ila si sana. Sukari hana, vijidudu havikuonekana. Kidonge chake cha presha ni cha kukojosha, na alikuwa akikimeza jioni, ahamishie asubuhi. Na yale mawili makubwa aliyajua sasa mwenyewe: kahawa huchokoza kibofu, na kunywa maji kidogo hufanya mkojo uwe mkali, ukali ukachokoza palepale penye makovu. Anywe maji kidogo kidogo mchana, apunguze jioni. Na akibanwa ajaribu kungoja dakika tano, wiki inayofuata dakika kumi, kibofu kijifunze upya.

"Na kahawa?" baba aliuliza.

"Finjani moja, asubuhi. Ukiweza kuacha, bora zaidi."

"Daktari, mimi ni muuza kahawa."

"Kuuza sijakukataza, mzee."

Alituambia turudi baada ya miezi mitatu, na safari hii isiachwe, maana kuwa pasafi leo si ahadi ya kesho. Hilo nalo niliandika.

Kurudi hatukusimama Kerege. Baba alitaka, lakini akasema ngoja, akang'ang'ania kiti mpaka tulipopita vibanda vya mwisho, kisha akamwomba dereva asimame penye miti. Alirudi akiwa na uso wa mtu aliyeshinda bao.

Sasa ni mwezi wa pili. Daftari amelichukua mwenyewe. Baba hakusoma shule ya serikali, alisoma chuo cha Kurani, kwa hiyo anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, na mimi siwezi kumsoma vizuri. Nikimuuliza leo mara ngapi, ananijibu kumi na tatu, kumi na nne, nami lazima nimwamini. Kwa mtu kama mimi hilo ni gumu kuliko kuhesabu. Tarehe ya kurudi kliniki ndiyo aliyoniachia niandike kwa herufi zangu, kubwa, juu ya jalada.

Magharibi anatoka na mkongojo wake. Mikdad humshikia nafasi mwisho wa safu.

Na dele bado anapika. Jana baada ya alasiri nilikuwa nyuma ya pazia, na mchele wangu. Nilisikia mkaa ukipulizwa, tangawizi ikapanda mpaka ndani, na kisha nikasikia finjani: mara tatu haraka, kimya kidogo, mara moja. Miaka sita nilikuwa sijausikia mlio ule. Nilichungulia. Baba alimmiminia Mikdad, halafu akachukua jagi langu, lile lenye kitambaa cha mama, akajimiminia maji kwenye finjani yake. Akayanywa mafunda mawili.

"Hayo nayo utayaitaje?" Mikdad alimuuliza.

"Kunywa, usiniharibie biashara."

Baada ya kitambo mlango wa bati ulilia, ukagonga. Nilitazama saa ya ukutani: ilikuwa imepita saa moja na dakika ishirini tangu mara ya mwisho. Mkono ukanicheza kutafuta kalamu. Nikaurudisha kwenye ungo, nikangoja aje aandike mwenyewe.